Taito ilitoka wapi? Ushauri wa kununua nyumba Nairobi kabla hujatoa hata shilingi ya dipositi

Watu wangu, hii itakuwa ndefu kidogo, juu karibu kila mwezi kuna mtu wa ofisi ama wa chama ananishika pembeni kuniuliza kitu kimoja, ati nimepata nyumba, taito (hati ya umiliki) iko, sachi (ile ripoti ya rejista ya ardhi) imetoka safi, nitume dipositi? Na mimi humwambia ngoja kwanza. Sitaki kumvunja mtu moyo, najua vile mtu amejinyima miaka na miaka ndio hizo pesa zikapatikana. Lakini hapa Nairobi kuwa na taito na sachi safi ndio unaanza kazi, hujamaliza. Kitu unafaa kuuliza ni hiyo taito ilizaliwa vipi na imepita mikono ya nani mpaka ikafika kwa huyu anayekuuzia.

Nianze na yetu. 2019 mimi na mzee wangu tulikuwa tumechoka kupanga, tukapata nyumba Buruburu, maisoneti ya vyumba vitatu, bei iko chini kuliko zote tulizokuwa tumeona kwa hiyo fezi. Anayeuza ni kijana wa mwenye nyumba, babake alikuwa ameshaaga. Taito iko kwa jina la baba, cheti cha kifo kiko, barua ya chifu iko, amesema ndugu zake wote wamekubali, alichotaka ni laki tatu tu za kushikilia nyumba ndio asimpe mtu mwingine aliyekuwa anakuja Jumamosi. Na hizo laki tatu tulikuwa nazo. Mzee wangu ndiye alikataa, akasema lazima tupitie kwa wakili kwanza, tukaenda kwa mama mmoja mtu mzima mwenye ofisi tauni, akaangalia zile karatasi dakika chache hivi akauliza, granti imethibitishwa na korti? Granti ni ile karatasi ya korti inayompa mtu kazi ya kusimamia mali ya marehemu. Kumbe kijana hata faili ya mirathi hajafungua. Yule wakili akaniangalia akaniambia, "Mwanangu, hii nyumba bado ni ya marehemu. Huyu kijana hana kitu cha kukuuzia."

Hapo ndio nilijua kwamba Sheria ya Mirathi hairuhusu mtu kuuza ardhi ama nyumba ya marehemu kabla korti haijathibitisha granti, hata kama yeye ndiye msimamizi aliyeteuliwa. Barua ya chifu ni ya kufungulia kesi tu, haikupi nguvu ya kuuza. Baadaye tulisikia nyumba ilichukuliwa na mtu mwingine, alafu dada wawili wa huyo kijana wakaenda kortini kusema hawakuulizwa. Nikifikiria kwamba hiyo kesi ingekuwa yetu mpaka leo silali vizuri.

Sachi inasema nini, na haisemi nini

Sachi rasmi inakuonyesha rejista vile iko leo: jina la mwenyewe, ukubwa, kama ni frihodi (yako bila kikomo cha miaka) ama lizi (ya kukodishwa kwa miaka fulani) na imebaki miaka mingapi, kama imewekwa benki kwa mkopo, kama kuna kaveati (zuio la mtu anayedai haki hapo) ama amri ya korti. Kwa Nairobi saa hii inafanyiwa kwa Ardhisasa, ule mfumo wa mtandaoni uliozinduliwa Aprili 2021, unafungua akaunti na kitambulisho chako na PIN ya KRA. Usikubali sachi uliyotumiwa na broka kwa WhatsApp, hata kama ina muhuri na QR. Fanya yako, na karibu siku ya kutia sahihi rudia nyingine, juu mtu anaeza kuweka nyumba kwa mkopo katikati ya mazungumzo na wewe hujui.

Lakini hiyo sachi haikuambii vile jina lilifika hapo. Na korti saa hii zinaangalia hapo sana. Katiba ya 2010 kwa kifungu cha 40 inasema wazi kwamba ulinzi wa mali haufiki kwa mali iliyopatikana kinyume cha sheria. Alafu tarehe 21 Aprili 2023 Mahakama ya Juu ikatoa hukumu kwa kesi ya Dina Management dhidi ya Kaunti ya Mombasa. Ilikuwa ardhi ya Nyali karibu na ufuo, kaunti ikisema ni njia ya umma ya kwenda baharini. Kampuni ilikuwa imenunua, ina taito, ikajitetea kwamba sisi tulinunua kwa nia njema. Mahakama ikasema kama ugavi wa kwanza kabisa haukufuata utaratibu, basi taito haiwezi kulindwa, hata ukiwa mnunuzi wa pili ama wa tatu na hukujua chochote. Soma hiyo tena polepole. Mtu alikosea miaka ya themanini, wewe ndio unabeba hasara leo.

Kwa hivyo mwambie wakili wako akutafutie historia, sio tu ukurasa wa leo. Kama ni rejista ya zile za grin kadi (kadi ya ofisi ya ardhi yenye historia ya ploti), atoe nakala iliyothibitishwa ya hiyo kadi, hapo utaona kila jina lililowahi kuingia na tarehe yake. Jina likibadilika mara tatu kwa mwaka mmoja, uliza kwa nini. Kama ardhi ilitoka kwa serikali ama kanjo, iangaliwe barua ya alotimenti (ile ya kwanza ya kumpa mtu ploti), ramani ya mpango iliyoidhinishwa, na risiti za malipo ya wakati ule. Kama ilikatwa kutoka shamba kubwa, iangaliwe taito mama (taito ya lile shamba lote kabla ya kukatwa) na zile karatasi za kugawanya. Na kuna kitu wengi hawajui, ile ripoti ya Tume ya Ndung'u ya 2004 kuhusu unyakuzi wa ardhi ya umma ina viambatisho vyenye namba za ploti moja moja, nyingi za Nairobi. Wakili mzuri huangalia huko. Ukipata namba ya ploti yako imo, achana nayo hata kama nyumba imejengwa vizuri namna gani.

Kitu kingine, namba. Taito nyingi za zamani za Nairobi zina namba za LR (Land Reference, namba ya ploti ya mfumo wa zamani) na sasa zinabadilishwa kuwa namba za Block chini ya sheria mpya ya usajili. Usishtuke ukiona namba mbili za nyumba moja, ila hakikisha zinalingana kwa orodha zilizochapishwa kwa gazeti la serikali, na kwamba taito ya zamani inarudishwa, isije ikabaki nje ikizunguka kwa mikono ya watu.

Zile karatasi ambazo sio taito

Hapa nitakuwa mkali kidogo. Ukienda Njiru, Ruai, Mwiki na sehemu za Kasarani utapata ploti na hata nyumba zimejengwa ziko na cheti cha shea cha kampuni ya kununua ardhi, hakuna taito. Wazee walinunua shea miaka ya nyuma, kampuni ikagawa ploti, wengine wakapata taito na wengine bado. Hicho cheti kinaonyesha wewe ni mwanachama kwa vitabu vya kampuni tu, kwa rejista ya serikali bado ardhi ni ya kampuni. Na vitabu vya kampuni vinaeza kuwa na watu wawili kwa ploti moja, na ofisi ikibadilisha viongozi unaanza upya. Najua kuna watu wamenunua hivyo na wanaishi vizuri, siwezi kuwakataa. Lakini mtu akiniuliza mimi kama aweke pesa yake ya maisha hapo, namwambia hapana, angoje mwenye shea atoe taito kwanza, hata kama bei itapanda kidogo.

Barua ya alotimenti ni hivyo hivyo. Septemba 2023 Mahakama ya Juu tena ikaamua kesi ya Torino kuhusu ardhi ya Embakasi, wakasema barua ya alotimenti peke yake haikupi umiliki, ni ofa tu mpaka masharti yatimizwe kwa wakati na ardhi isajiliwe. Sasa mtu akikuuzia barua ya aloti, anakuuzia nini?

Enda kwa ground, na uende mara nyingi

Usinunue nyumba uliyoiona Jumamosi moja mchana na ajenti. Enda asubuhi siku ya kazi uone jam. Enda usiku. Enda Aprili mvua ikinyesha, ama Novemba. Mafuriko ya 2024 yalifundisha watu wengi, kuna mitaa ya maana kabisa maji yaliingia mpaka kwa madirisha, na mtu anayekuuzia Julai hatakuambia.

Ongea na keateka, na mama wa kibanda cha mboga pale geti, ongea na majirani wawili watatu. Uliza swali rahisi tu, "Hii nyumba ya nani?" Utashangaa vile watu wanajua. Rafiki yangu alikuwa ananunua nyumba South B, jirani akamwambia hiyo nyumba bwana na bibi wako korti wanaachana, mama hajui inauzwa. Sheria ya Mali ya Ndoa ya 2013 inasema mmoja hawezi kuuza nyumba ya ndoa bila mwenzake kukubali. Basi kama anayeuza ameoa ama ameolewa, lazima mwenzake atie sahihi ya kibali, kama ni wake wawili wote watie, na kama anasema hana mtu aape kwa hati ya kiapo. Na ukiweza kukutana na huyo mwenzake uso kwa uso, kutana naye.

Chukua saveya wako mwenye leseni, sio yule wa muuzaji. Akuonyeshe bikoni (alama za mipaka), alinganishe ground na ramani ya rejista, apime kama nyumba imeingia kwa barabara ama kwa ploti ya jirani. Kama mto uko karibu hii ni muhimu sana. Kanuni za mazingira zinataka uache kati ya mita 6 na mita 30 kutoka pale maji yakijaa yanafika, na serikali ikija kubomoa haiangalii sura. 2018 majengo makubwa ya biashara kama Ukay Westlands na South End Lang'ata yalibomolewa kwa sababu ya mto. Syokimau Novemba 2011 watu waliamka tingatinga ziko mlangoni, ikasemwa ardhi ni ya uwanja wa ndege, na wengi walikuwa na karatasi mkononi. Angalia pia waya kubwa za stima juu ya kichwa, bomba la mafuta, reli, na kama kuna barabara imepangwa kupita hapo, hii unauliza KURA na KeNHA, zile mamlaka za barabara za mjini na barabara kuu, kwa barua, usiulize broka.

Udongo nao. Sehemu kubwa ya Embakasi, Syokimau, Kitengela na South C ni ule mweusi wa kuvimba mvua ikija na kupasuka kiangazi, nyumba isipochimbiwa msingi vizuri kuta zinapasuka. Ukiona nyufa zimepigwa rangi mpya juu, leta injinia. Huruma tarehe 29 Aprili 2016 jengo la gorofa 6 lilianguka kando ya mto usiku, watu zaidi ya 45 wakafa, na ndani kulikuwa na familia zilizokuwa zimelala tu. Fungua mifereji, uliza maji ya kanjo yanakuja siku ngapi kwa wiki, na kama ni kisima onja hayo maji, upande wa Kitengela na Athi River mengi ni ya chumvi.

Wakili wako na agrimenti

Wakili awe wako. Wa muuzaji ni wa muuzaji, wa developa ni wa developa, hata akikupa chai na kukuita ndugu. Akisema mnaeza kutumia mmoja kupunguza gharama, kataa, siku mkikosana huyo hatakusimamia. Mtafute kwa tovuti ya LSK (chama cha mawakili) uone kama ana cheti cha kufanya kazi cha mwaka huu, wako wanaovaa suti na hawana. Ada huwa kama asilimia 1 hadi 2 ya bei na VAT juu, inauma, lakini hii ndio pesa nzuri kuliko zote utatumia kwa hii safari.

Agrimenti lazima iandikwe, kila upande utie sahihi na iwe na shahidi. Makubaliano ya mdomo ya kununua ardhi huwezi kuyapeleka korti. Dipositi ya kawaida ni asilimia 10 na muda wa kumaliza ni siku 90. Swali la kwanza la kuuliza ni dipositi inakaa wapi. Ikae kwa akaunti ya wakili wa muuzaji, na agrimenti iseme azishike bila kumpa mteja wake mpaka uhamisho ukamilike. Ukisikia ati muuzaji anataka dipositi mkononi leo ya kulipia shule, jua hizo pesa zikipotea utazifuata miaka. Na zile za kushikilia nyumba kama laki zetu tatu za Buruburu, usitoe kabla ya sachi na kabla wakili hajaandika masharti ya kurudishiwa.

Agrimenti iseme pia mambo haya kwa lugha wazi: nani analipa malimbikizo ya reti (kodi ya ardhi ya kaunti) za City Hall na kodi ya lizi ya serikali kuu, nyumba inakabidhiwa tupu ama ina mpangaji, nini kinabaki ndani (jiko, tangi, makabati, jenereta), na muuzaji akishindwa kumaliza utarudishiwa nini, kwa siku ngapi, na riba gani. Wengi huandika adhabu ya mnunuzi peke yake. Soma hapo.

Kama nyumba imewekwa benki usikimbie, nyingi ziko hivyo. Ila pesa yako ilipe ile benki moja kwa moja, na benki itoe barua ya kiasi kilichobaki na iahidi kwa maandishi kutoa dischaji (karatasi ya kuondoa mkopo kwa rejista) na taito. Usipe muuzaji eti akalipe mwenyewe.

Ukinunua nje ya jiji, Juja, Kamulu, Joska, Kiserian, na taito inasema ni ya kilimo, kuna kibali cha landi bodi, ile bodi ya kusimamia uuzaji wa ardhi ya kilimo. Ombi lipelekwe ndani ya miezi 6 tangu agrimenti, bila hicho kibali agrimenti inakuwa bure kisheria. Watu wengi wa Nairobi wanakosea hapa juu wanaona ni ploti ya 50 kwa 100 wanadhani ni mjini.

Fleti, na zile za kununua zikiwa bado ramani

Kwa fleti, uliza unapata nini hasa. Tangu Sheria ya Sectional Properties ya 2020 ianze kufanya kazi mwisho wa mwaka huo, kila fleti inafaa kuwa na taito yake yenyewe, kwa ramani iliyosajiliwa, na wenye nyumba wote wanaunda shirika moja la kusimamia ngazi, lifti, paa na parking. Majengo ya zamani yalikuwa na lizi ndefu na kampuni ya kusimamia, mengi yanatakiwa yabadilishwe. Ukikuta jengo Kileleshwa ama Kilimani limekaa miaka 10 na developa bado ameshikilia taito mama yote kwa jina lake, uliza sababu, na usitulizwe na "iko kwa process". Omba pia hesabu za savisi chaji za miaka miwili, kama fleti 15 kati ya 40 hazilipi, lifti ikiharibika ni nyinyi mnaolipa mtagharamia.

Sasa hizi za kulipia kabla hazijajengwa. Hapa ndipo nimeona watu wazuri wakilia. Mabango makubwa Mombasa Road, picha za swimingi puli, bei nusu ya soko, lipa pole pole, alafu miaka mitano baadaye ni nguzo tu na nyasi. Kama lazima ununue hivyo, kwanza fanya sachi ya taito mama uone ni ya nani na kama iko benki. Ikiwa iko benki, benki iandike kwamba itaachilia fleti yako ukimaliza kulipa, bila hiyo barua developa akishindwa na mkopo benki inauza kila kitu na wewe uko kwa foleni na wadai wengine. Uangalie idhini ya kaunti ya ramani za ujenzi, leseni ya NEMA (mamlaka ya mazingira), usajili wa mradi na mkandarasi kwa NCA (mamlaka ya ujenzi), na kama ardhi ilibadilishwa matumizi kutoka nyumba moja kuwa gorofa. Malipo yafuate ujenzi, msingi ukiisha unalipa kiasi, slabu ya kwanza kiasi, kila hatua na cheti cha arkitekti, usilipe kwa kalenda ya mwezi tu. Na agrimenti iwe na tarehe ya kumaliza ambayo ikipita unaeza kutoka na pesa zako zote. Developa akisema agrimenti yake haibadilishwi hata neno, mimi ningetoka hapo.

Nyumba za serikali za Affordable Housing zinaombwa kwa Boma Yangu, unasajili na kuweka akiba kidogo kidogo. Huko hakuna broka wala ajenti wa kukuharakishia, mtu akitaka pesa ya kukutafutia nafasi ni mwizi.

Pesa zaidi ya bei

Tuseme nyumba ni milioni 10 ndani ya Nairobi. Ushuru wa stempu mjini ni asilimia 4, hiyo ni laki nne, na unapimwa kwa thamani ya valua wa serikali kama iko juu ya bei yenu. Mashambani ni asilimia 2. Mnunuzi wa mara ya kwanza chini ya mpango wa nyumba nafuu halipi. Wakili kama laki moja na nusu hadi mbili, na VAT. Saveya, valua, sachi, ada za usajili. Ukichukua mogeji utalipa pia wakili wa benki na valua wa benki na ushuru kidogo wa asilimia 0.1 ya mkopo. Kwa hivyo ukiwa na milioni 10 kamili bado huna pesa ya nyumba ya milioni 10, weka kando laki sita saba hivi.

Ushuru wa faida ya kuuza nyumba ni wa muuzaji, asilimia 15 ya faida tangu Januari 2023, zamani ilikuwa 5. Ndio maana siku hizi muuzaji atakuambia tuandike milioni 6 kwa agrimenti hizo 4 unipe kando. Tafadhali usikubali. Ni hatia, na mambo yakiharibika korti itakurudishia ile iliyoandikwa, na siku wewe unauza KRA itaona ulinunua kwa 6, faida yako inakuwa kubwa na ushuru unaokwepwa na yeye leo utakuja kuulipa wewe.

Kama una pensheni kazini, uliza wasimamizi wako. Tangu 2020 kanuni zinaruhusu mwanachama atumie mpaka asilimia 40 ya akiba yake kununua nyumba ya kuishi, isizidi milioni 7. Wengi wana hizo pesa na hawajui.

Mwisho mwisho

Siku ya kumaliza, mawakili wanabadilishana: taito orijino, fomu za uhamisho zimetiwa sahihi, vitambulisho na PIN, picha, vyeti vya reti na kodi ya lizi vinavyoonyesha hakuna deni, kibali cha kuhamisha kama ni lizi, kibali cha mke ama mume. Baki ya pesa inalindwa na barua ya ahadi ya wakili kwa wakili, pesa zako hazitoki mpaka usajili uwe kwa jina lako. Tuma kwa RTGS (uhamisho wa benki kwa benki) kwenda akaunti ya mawakili, usitume M-Pesa, usibebe keshi. Na kama umepata barua pepe inasema akaunti imebadilika, piga simu kwa namba unayoijua wewe kabla ya kutuma.

Ukipata taito yako, fanya sachi nyingine uone jina lako limeandikwa vizuri, namba ya kitambulisho iko sawa. Badilisha akaunti ya reti City Hall iwe yako, mita ya stima na ya maji zisomwe siku unachukua funguo na zipigwe picha na muuzaji akiwa hapo, badilisha vitasa vyote vya milango hata cha choo cha nje. Sisi tulinunua 2021, Donholm, nyumba ndogo kuliko ile ya Buruburu na bei iko juu kidogo, mwenyewe alikuwa mama mstaafu ambaye ndiye aliyeinunua mara ya kwanza na alikuwa na risiti zote kwa faili ya kahawia. Nakala ya hiyo faili nzima alituachia, na tumeiweka pamoja na taito yetu.